Hewa Nayo Ina Majira Yake

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma wa Nachingwea na Ruangwa)



Tumezoea kudhani kwamba hewa chafu ni tatizo la miji yenye viwanda. Dhana hiyo si sahihi. Hewa ya Nachingwea na Ruangwa nayo huchafuka, tena kwa miezi inayojulikana. Sababu kubwa ni mbili: mahali na majira.

Kwanza, mahali. Mji wa Lindi uko ufukweni. Mchana huvuma upepo wa bahari, usiku upepo wa nchi kavu, na moshi hupeperushwa. Wilaya hizi mbili ziko bara, yapata kilomita 100 kutoka pwani, katika nchi ya vilima na mabonde. Usiku wa kipupwe ardhi hupoa upesi. Hewa baridi huteremka na kujaa mabondeni, na hewa yenye joto hukaa juu yake mithili ya kifuniko cha chungu. Moshi wa kuni na wa takataka hubaki chini ya kifuniko hicho mpaka jua lipande.

Pili, majira. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mvua huosha hewa na kulaza vumbi. Baada ya hapo nchi hukauka, kusi huvuma, vumbi la barabarani hutimka, na moto wa porini huenea hadi Oktoba.

Miezi hiyo hiyo ya kiangazi mikorosho huchanua, na ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia maua. Wakulima hupuliza unga wa salfa kwa mashine alfajiri, umande ukiwa ungali majanini na upepo umetulia, ili unga ushike. Kwa kilimo, kanuni hiyo ni sahihi. Lakini saa hiyo ndiyo saa ambayo kifuniko hakijafunuka. Utulivu unaoushikisha unga kwenye majani ndio unaoubakiza puani mwa mpulizaji, na mwa mtoto anayekatiza shambani kwenda shule. Salfa huwasha macho, hukereketa koo na huweza kumbana kifua mwenye pumu.

Je, tuiache salfa? La, hasha! Korosho ndiyo mhimili wa uchumi wa wilaya hizi. Tunachopaswa kufanya ni kuitumia kwa maarifa. Mpulizaji afunike pua, macho na mwili. Mikorosho iliyo karibu na nyumba na shule ipuliziwe dawa za maji badala ya unga. Serikali ya kijiji itangaze siku za kupuliza, na mwalimu awaelekeze wanafunzi njia nyingine.

Shuleni nako tuna wajibu. Uwanja unyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Majani makavu yasichomwe. Ukiyachoma alfajiri, moshi utawakalia watoto darasani. Ukiyachoma mchana, kusi itaurusha moto hadi shamba la jirani. Hakuna saa njema ya kuyachoma. Yatiwe katika shimo la mboji.

Nachingwea inayo historia ya kutufundisha. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta mengi kuliko maarifa ya udongo na mvua za hapa, na mwaka 1951 ukafutwa. Asiyesoma majira, mashine haimwokoi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walichimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu kwa nguvu zao wenyewe. Kazi ya kutunza hewa ni ya namna hiyo hiyo. Haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji mwalimu wa kueleza, mtumishi wa kusimamia, na kijiji kilichokubaliana kabla kusi haijaanza kuvuma.