Uvimbe wa Kizazi Ukiuma Wakati wa Mimba

Nyinyi wazee mlioketi huko nyuma msiondoke, maneno haya ni yenu pia.

Leo ni juu ya uvimbe wa kizazi, ule daktari huita faibroidi. Si kansa, wala si uchawi wa jirani. Wanawake wengi wanao bila kujua mpaka wapigwe picha ya tumbo wakiwa na mimba, na wengi hujifungua salama.

Lakini kwa wengine, hasa mimba ikipita miezi 3, huanza maumivu makali mahali pamoja tumboni. Uvimbe umekua, damu inayoulisha haitoshi, basi nyama yake ya ndani inaanza kufa. Mama aweza kupata homa kidogo na kutapika.

Sasa anafanya nini? Kwa mkunga anakandwa tumbo, dukani anauziwa Brufen. Mambo hayo mawili ndiyo yamenileta hapa. Kukanda hakuyeyushi uvimbe, na kunaweza kumwumiza mama na mtoto. Brufen nayo, kuanzia wiki 20, inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Baadaye inaweza kufunga mshipa ulio karibu na moyo wake kabla ya wakati. Hiyo ni dawa ya daktari kuamua, si ya mwenye duka.

Matibabu yenyewe ni ya kawaida tu: kupumzika, kunywa maji ya kutosha, na parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mara nyingi maumivu hupungua kwa siku chache, mengine wiki moja au mbili. Kuukata uvimbe wakati wa mimba ni nadra sana, maana kizazi hutoka damu nyingi.

Hata hivyo, nenda kliniki kwanza. Kidole tumbo na kondo la nyuma likibanduka huuma pia. Ukiona damu au maji, homa kali, uchungu wa kuja na kwenda, ama mtoto ameacha kucheza, usingoje asubuhi.

Tukisema apumzike, maji nani atachota? Kikundi kipange zamu. Tena azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa sababu aweza kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Merigoraundi ya mwezi huo ianze kwake, apate nauli. Nanyi wazee, wawili watatu mtangulie kutoa damu.