Kisukari cha Mimba Hakipigi Hodi



Yako maradhi yanayotanguliwa na homa au maumivu. Kisukari cha mimba mara nyingi si miongoni mwayo. Mama hulima, hupika na hulala salama, ilhali sukari inapanda katika damu yake. Chanzo ni homoni za kondo la nyuma, ambazo hupunguza nguvu ya insulini. Kongosho lisipomudu kuiongeza, sukari huzidi.

Sukari hiyo humfikia mtoto tumboni. Huweza kunenepa kupita kiasi, na siku ya uchungu mabega yake yakakwama njiani. Akishazaliwa, sukari yake huweza kushuka ghafla.

Kwa hiyo kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, hata kwa asiye na dalili. Mama hufika asubuhi akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi, hutolewa damu, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Kipimo cha mkojo pekee hakitoshi.

Akina baba, asubuhi hiyo mpokeeni mama kazi za nyumbani.

Anayekutwa nacho asikate tamaa: wengi hukidhibiti kwa mpangilio wa chakula na mazoezi, wengine kwa dawa. Apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kwani kisukari cha kudumu huweza kumfuata baadaye.