Vita Kiganjani: Nani Atanunua?



Mwenzangu mmoja anayefundisha biashara aliwahi kusema mbele ya wanafunzi wangu kwamba gemu ya vita kwenye chombo cha mkononi ni bidhaa isiyo na mnunuzi. Skrini ni ndogo mno, alisema, vita ni virefu mno, na kijana wa Kitale akipata shilingi 50 atazipeleka kwenye kamari. Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu lililokamilika. Leo ninalo.

Historia ya vyombo vyenyewe mnaijua, sitawachosha nayo. Game Boy ilitoka 1989, zikafuata nyingine, Nintendo DS ikauza zaidi ya vyombo milioni 150, halafu simu ikaja ikakalia kiti cha zote.

Tuanze na skrini, maana hapo ndipo hoja yake inapoonekana imara na ndipo ilipo dhaifu kuliko pengine pote. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, basi. Mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yazo zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi, ambazo atazinamua moja moja. Ndani ya mashimo hayo mna kuteka, mna ngome ya kulindwa, mna akiba, mna kumwachia adui kidogo ili umnyang'anye kikubwa. Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu akili inavyofanya kazi katika mchezo huu. Hakuna aliyewahi kumwambia fundi wa bao kwamba ubao wake ni mdogo kwa vita. Ukubwa wa vita hupimwa kwa uzito wa uamuzi, si kwa upana wa uwanja.

Sasa tazameni gemu ya Advance Wars, ambayo nimeisoma kama wengine wanavyosoma tenzi. Skrini ya Game Boy Advance ilikuwa na nukta 240 kwa 160. Watengenezaji, Intelligent Systems wa Japani, waliigawa katika miraba 15 kwa 10. Askari wa miguu ana nguvu 10 na bei yake ni 1,000, kiasi kile kile ambacho mji mmoja hukuingizia kwa siku. Mji una ulinzi wa 20, na kila siku askari anayeuteka huupunguza kwa kiasi cha nguvu zake. Askari mzima atauteka kwa siku mbili. Akipigwa akabaki na nguvu 5, atahitaji siku nne, na katika siku nne hizo kifaru cha adui kimeshafika. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza, na bado itamkosesha usingizi. Mfululizo huo ulianza 1988 na kwa zaidi ya miaka kumi haukutoka nje ya Japani, kwa imani kwamba wageni wangeuona mgumu. Ulipofika Marekani, Septemba 2001, ulipokewa kwa shangwe. Hoja ya mwenzangu, kwa hiyo, ina umri mkubwa, na ilishawahi kushindwa sokoni.

Kuhusu urefu wa vita, niruhusuni nisimulie. Binamu yangu alirudi kutoka ng'ambo na Game Boy Advance, akaniachia kwa likizo moja. Mjomba alikuwa akipeleka mahindi ghalani kwa lori, nami nikapanda naye kuyalinda magunia. Foleni ilikuwa ya siku mbili. Chombo kile hakikuwa na taa ndani ya skrini, kwa hiyo usiku, kwa mwanga wa koroboi, huoni kitu. Mchana, juu ya magunia, jua likipiga, kila askari anaonekana. Mawe ya betri yalipoisha nguvu niliyaanika juu ya bati la kebini ya lori, yakanipa nusu saa nyingine. Mjomba akiita, "Shuka, tunasogea!" nilihifadhi na kuzima. Lori likienda hatua tatu likasimama, niliwasha nikamkuta askari wangu mlangoni pa mji, bado anateka. Vita vile vilikuwa virefu, lakini vilikatika vipande, na kila kipande kilienea katika mapumziko ya maskini: steji matatu ikijaa, kliniki kabla jina halijaitwa, kisimani mtungi ukisubiri zamu.

Fedha ndilo suala gumu, nami sitalikwepa. Vibanda vya PlayStation mtaani kwetu huishi kwa kandanda kwa sababu mechi ina dakika zake, na mwenye kibanda anajua lini adai pesa yake. Vita vya zamu havina kipenga. Gemu za PSP, chombo kingine cha mkononi, zilinakiliwa bila kulipiwa kila pembe ya dunia, na hapa kwetu pia. Hata Advance Wars, niipendayo, ilinyamaza baada ya 2008, isirudi hadi 2023. Dada yake, Fire Emblem, ilikaribia kuzikwa: kabla ya toleo la Awakening la 2012, Nintendo walisema lisipovuka nakala 250,000 ndio mwisho. Likauza zaidi ya milioni 2. Tofauti ni nini, ilhali zote mbili ni miraba na zamu? Katika Fire Emblem kila askari ana jina, ana rafiki, ana mtu atakayemlilia. Katika Advance Wars jina ni la kamanda peke yake. Watu wananunua watu.

Kwa hiyo nakubali kwamba vifaru visivyo na wenyewe havitauzika Tuwan, mtaa wa hapa Kitale. Na hapo hapo nasema gemu ya ngome ya Chetambe itauzika. Mwaka 1895, katika vilima vya Webuye, Wabukusu walijifungia ndani ya lukoba, ngome ya ukuta wa udongo na handaki, wakawakabili askari walioongozwa na Hobley, ofisa wa utawala wa Kiingereza, baada ya ngome yao ya Lumboka kuanguka. Ngome, lango, handaki, bunduki chache dhidi ya nyingi, na wajukuu wa watetezi wakiishi leo kati ya Bungoma na Kitale. Andrew Kaggia alionyesha kwa gemu yake Nairobi X, 2015, kwamba mji wetu mkuu unaweza kuwa uwanja wa gemu. Yeye alileta viumbe wa anga, na sisi tuna mababu.

Gemu hiyo ya Chetambe isiuzwe nzima. Zamu kumi za kwanza, Lumboka, ziwe bure, na ziweze kupitishwa kutoka simu hadi simu bila bando. Kila sura baada ya hapo iwe shilingi 20 kwa M-Pesa, chini ya nauli ya bodaboda. Maneno yawe ya Kiswahili, na majina ya watetezi yatoke kwa wazee wa Webuye, kwa ridhaa yao. Ramani nimeshaichora kwenye daftari la hesabu, miraba 15 kwa 10, na lango la ngome limekaa mraba wa nane kutoka kushoto. Vijana wawili wa Tuwan wanaojua kuandika programu wanalo daftari hilo tangu Jumatatu.