KUTEMBEA KWA MIGUU PENYE MITI NI AFYA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi, Unguja)



Nimetakiwa nizungumzie faida za kutembea kwa miguu mahala penye miti na hewa safi. Naanza kwa kukiri. Kwa miaka mingi nilikuwa nikija kazini kwa gari, nikikaa juu ya kiti hadi saa 9 na nusu za mchana, kisha nikirejea nyumbani kwa gari. Siku niliyopimwa shindikizo la damu sikuwa nikiumwa na chochote. Mpimaji alirejea kunipima mara tatu, halafu akaniuliza nimekuja na nani. Ndivyo maradhi haya yalivyo, hayabishi hodi.

Mwaka 1953 Dk. Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Basi ni lile lile. Baadaye ilibainika kuwa madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, kwa hiyo si tofauti yote iliyotokana na ngazi. Hata hivyo, chunguzi nyingi zilizofuata zimethibitisha madhara ya kukaa.

Misuli ya miguu inapofanya kazi huichukua sukari iliyomo katika damu, na mishipa hupanuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Wastani maana yake unaweza kuzungumza na mwenzio, lakini kuimba huwezi.

Mtauliza, kwa nini miti, na si barabara ya Darajani? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, wa watu wapatao 20,000 wa Uingereza, ulionesha kuwa waliokaa penye miti, bustani au ufukwe kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki walijieleza kuwa na afya njema zaidi. Huenda wenye afya ndio watokao zaidi, nakubali. Lakini kwetu kivuli si anasa: katika jua la Januari, pasipo na miti hapana atakayetembea nusu saa. Anayekata mti wa njiani anatukatia na njia.

Pemba kuna msitu wa Ngezi. Unguja tuna Jozani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na karibu na mji tuna Masingini, msitu unaolinda pia vyanzo vya maji yetu.

Natahadharisha jambo moja. Kutembea si badala ya dawa. Mwenzetu mmoja alijiona mzima baada ya miezi miwili ya mazoezi, akaacha vidonge. Leo mkono wake wa kulia hauinuki. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika na akague nyayo zake kila jioni, kwani jeraha asilolihisi laweza kumpotezea mguu. Atakayebanwa na kifua asimame, aende hospitali.

Mimi na wenzangu wa ofisini hukutana Masingini kila Jumapili, saa 1 za asubuhi. Hatwendi mbio. Atakaye na aje, na mzee wake amchukue.