Maji ya Kupoza Mashine za Mashua
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wavuvi wa Ziwa Victoria)

Mabwana wazee, na ninyi vijana mshikao usukani, nimekuja kuwaeleza habari ya maji. Huenda mkastaajabu, maana mtu ashindaye ziwani hadhani kwamba mashine yake yaweza kufa kwa kiu. Walakini nyingi hufa hivyo, nazo hufa mbali na nchi kavu, pengine usiku wakati wa dagaa, upepo unavuma na watu wamo chomboni.

Mashine hizi zitundikwazo nyuma ya mashua si kitu kipya. Ole Evinrude alianza kuuza zake huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Hata leo nyingi hupozwa kwa maji yale yale yaichukuayo mashua. Chini, karibu na rafadha, yako matundu ya kuingizia maji. Juu yake kidogo imo pampu, na ndani ya pampu mna gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Gurudumu huvuta maji na kuyasukuma juu kwa bomba mpaka penye silinda. Huko huchukua joto, kisha mengi hushuka na kutoka pamoja na moshi. Machache hutokea kwa tundu dogo, nao ndio ule mchirizi muuonao nyuma.

Mchirizi ni shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili ni geji, iliyo zaidi katika mashua zenye mashine kubwa, nayo hupima nguvu ya maji kwa ratili katika inchi moja ya mraba. Mashine nyingi ziendapo mbio huonyesha ratili 10 hadi 15, na zingurumapo polepole huenda zisifike hata 2. Msiogope kwa hilo. Ijue mashine yako ikiwa nzima, uandike geji inasema nini kwa kila mwendo. Bila hivyo hutajua siku itakaposema vingine.

Mchirizi ukidhoofika, lakini geji iko pale pale ilipozoea na mashine haina joto kali, yaelekea tundu la mchirizi limezibwa na mchanga au mdudu. Zima mashine, lizibue kwa waya mwembamba. Ikiwa mchirizi una nguvu na geji imeanguka hata sifuri, ishuku geji kwanza. Chomoa kimpira kiletacho maji nyuma yake, mashua ikiwa majini, mwenzako awashe mashine. Maji yakitoka vizuri, geji ndiyo mbovu. Yasipotoka, kimpira kimejikunja au kimejaa taka.

Vikianguka vyote viwili, zima mashine mara moja, wala usiseme "tufike kwanza." Inua mkia wake utazame matundu. Katika ziwa hili utakuta magugu-maji, yaliyotusumbua mno tangu miaka ya 1990, au mfuko wa nailoni ulioyafunika. Ondoa, ngoja mashine ipoe yenyewe, wala usiimwagie maji ya baridi. Matundu yakiwa safi na maji bado hayapandi, gurudumu la mpira limekwisha.

Nalo huliwa na mchanga, hasa kwa wale wapandishao mashua ufukoni huku rafadha ingali ikizunguka. Tena iko desturi mbaya ya kuwasha mashine nchi kavu ili mnunuzi asikie sauti yake. Maji ndiyo mafuta ya mpira huo. Ukiuzungusha mkavu, huungua kwa muda mfupi sana. Na ukilifungua gurudumu ukaona pezi limekatika, usitie jipya ukaondoka. Hesabu vipande. Kilichopungua kimepanda juu na maji, nacho kitaziba njia.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Geji hupima nguvu, haipimi wingi. Njia ikizibwa huko juu, au ile vali ifunguliwayo kwa joto ikigandamana imefungwa, maji husongamana, na geji yaweza kupanda hali mashine yaungua. Basi geji ikizidi desturi yake, usifurahi. Shika kifuniko cha mashine, nusa kama rangi inaungua, sikiliza kama king'ora kinalia. Usiku, usipouona mchirizi, weka mkono chini yake. Maji ya vuguvugu si neno. Ukitoka mvuke, zima.

Ndugu zetu wa pwani wana kazi moja zaidi, kwa kuwa chumvi hukauka katika njia za maji na kuzifanya nyembamba. Kila warudipo yawapasa kupitisha maji matamu ndani ya mashine.

Sasa nitaifungua pampu hii iliyo mezani. Sogeeni karibu, na mwenye mashine yenye udhia aseme: mchirizi ukoje, na geji yasema nini?