Ukipewa Hati ya Mashtaka Kazini

Mtendaji wa kijiji hapo Maposeni mkoani Ruvuma, muuguzi wa zahanati, dereva wa halmashauri: hii inakuhusu.

Mtumishi wa umma haadhibiwi kwa sababu bosi amekasirika. Lazima liwepo kosa la kinidhamu, kwa mujibu wa Kanuni za Utumishi wa Umma. Utoro ni mojawapo, na watu wanauchukulia kirahisi mno. Ukikosa kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi, unaweza kufukuzwa. Naam, hata kama ulikuwa shambani unavuna mahindi.

Lakini kufukuzwa kuna utaratibu. Kwanza unapewa hati ya mashtaka. Kisha unajitetea. Kisha kamati inachunguza. Nasema tena: hakuna kufukuzwa bila hati, wala bila kujitetea.

Ukipewa hati, ipokee. Ijibu kwa maandishi, ndani ya muda ulioandikwa humo. Peleka jibu masjala, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Wapo wanaojieleza kwa mdomo tu, wamesimama mlangoni kwa mkuu wa idara. Baadaye hawana ushahidi. Kama wewe ni mwanachama wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa Tanzania, mwone kiongozi wa tawi mapema.

Hukuridhika na adhabu? Kata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Siku 45, tangu ulipopokea uamuzi. Nakala mpe mwajiri.

Mwalimu, wewe kwa mambo ya nidhamu anzia ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu.