Konzi Moja ya Maharage

Msikilizaji, Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na baadhi ya shule huitumia kuchangia watoto wenye shida. Tatizo ni kwamba anayechangia ni mzazi. Mtoto hubeba bahasha tu. Mwalimu, jaribu hivi: weka kopo tupu la maziwa mezani, kila mtoto alete konzi moja ya maharage, aimimine mwenyewe. Yakishalia ndani ya kopo, watauliza yanakwenda kwa nani. Wajibu, kisha wapeleke wakayakabidhi kwa mikono yao. Asiye na maharage ashike kopo. Majina ya wasiotoa yasisomwe mstarini. Hiyo ni aibu, si malezi. Nawe mzazi, usimjazie mfuko. Konzi yake inatosha.